Mwaka Niliouza Mashine ya Salumu

Arobaini ya Salumu ilipopita, mkewe Hadija alinipigia simu akaniomba nifike kwao Mutanga Nord, hapa Bujumbura, nimsaidie kuamua jambo. Nilidhani ni mambo ya hati za nyumba, nikavaa vizuri, nikachukua na miwani. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa chumba. Nyuma ya sebule Salumu alikuwa na chumba kizima cha mashine za zamani za gemu, zile za kuunganisha na televisheni: rafu tatu za mbao, mashine zimepangwa kwa umri, kaseti zimesimamishwa kama vitabu, nyaya zimefungwa kwa mpira mojamoja. Nyingi alizipata zikiwa zimekufa, akazifufua mwenyewe, maana alikuwa fundi wa vitu vya umeme na mikono yake haikukubali kitu kife. Kijana wao mkubwa, Idi, alikuwa amempata mtu wa Kigali aliye tayari kuzinunua zote kwa mpigo. Binti yao Shamila alikuwa amechukua ufunguo wa chumba akasema hakitoki hata kimoja, hiki ndicho baba alichobakiza. Hadija alikuwa katikati yao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kuulizwa. "Shemeji, we ndiye ulianza naye haya mambo," aliniambia. "Angalia, halafu uniambie za kuuza na za kubakisha."

Nikaanza kwa rafu ya juu, nikijifanya mjuzi. Hii ina thamani, hii ni ya kawaida. Nilipoinama kwenye rafu ya chini nikaona kitambaa cheupe kimefunika kitu, nikakiinua. Ilikuwa mashine ya kijivu ya kutumia kaseti, kona yake ya kushoto imeyeyuka kidogo pale mshumaa ulipoiangukia siku moja umeme ulipokatika. Mshumaa huo niliuweka mimi. Nilishika mbao za rafu kwa mikono miwili. Hadija alikuwa amesimama mlangoni. "Unaijua hiyo?" akaniuliza. "Apana," nikasema. Nakaribia miaka hamsini, wanangu wananisikiliza nikisema, watu wa msikitini hunipa amana zao niwahifadhie wanaposafiri, na bado neno la kwanza lililonitoka lilikuwa uongo.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zilikuwa siku za vita, shule yangu ilikuwa imekatika, na mtu hakuweza kwenda mbali na mtaa wake bila kujiuliza atarudi saa ngapi. Ndiyo maana chumba cha mbele cha nyumba ya kina Salumu, kule Buyenzi, kilijaa kila siku. Mama yake alikuwa mpishi kwa familia moja ya wageni, na walipofunga mizigo kuondoka nchini walimwachia mashine ile, kaseti sita na televisheni ndogo. Alizileta nyumbani kwa baiskeli ya kukodi, zimefungwa kwa shuka. Salumu na mimi tukatandika mkeka, tukapanga mabenchi mawili, na vijana wa mtaani wakaanza kuja kucheza kwa zamu kwa pesa kidogo. Wengi walikuwa wanafunzi wa gereji za jirani, mikono myeusi kwa mafuta ya gari, kwa hiyo Salumu aliweka beseni na sabuni mlangoni. Hakuna aliyegusa maneti, kile kidude cha kushika mkononi, kabla hajanawa. "Osha mikono kwanza," alikuwa akisema, taratibu kama anamwambia mtu karibu chakula, na vijana waliomzidi miaka mitano waliinama wakaosha. Chumba kilinuka sabuni ya mawe, mafuta ya gari na samaki wa kukaanga, kwa sababu kati yetu na jiko la Mama Salumu palikuwa na pazia tu. Saa saba mkono wake ulipenya kwenye pazia na sahani: ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, au maharage na ndizi, na Ijumaa wali. Mimi sikuwa mtoto wa nyumba ile, lakini sahani zilikuwa mbili siku zote, na yangu haikuwahi kuwa ndogo kuliko ya Salumu.

Mtu wa tatu mwenye ufunguo wa chumba alikuwa Bahati. Alikuwa na miaka kumi na saba, ametokea Uvira, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, akikaa kwa shangazi yake, Mama Furaha, katika nyumba iliyoshiriki ukuta mmoja na kina Salumu. Mama Furaha alikuwa muuza vitenge, mtu wa kanisani, mkali na mwenye jina safi, na alikuwa akimlipia Bahati masomo. Msichana alikuwa amebakiza miezi miwili afanye mtihani wa kumaliza shule. Asubuhi, kabla ya kwenda darasani, alifungua chumba, akafagia, akapangusa mashine kwa kitambaa kikavu. Ujira wake ulikuwa kucheza nusu saa jioni. Hiyo nusu saa watu waliacha kuongea. Sijui niielezeje. Vidole vyake havikuwa na haraka, na alikuwa kama anaona kitakachotokea kabla hakijatokea. Alimshinda kila mtu mtaani, na mimi alinishinda mara nyingi kuliko wote kwa sababu nilikuwa narudi kila siku kujaribu. Nilicheka pamoja na wengine. Leo naweza kuandika kwamba kicheko kile hakikufika moyoni.

Katikati ya mwaka, mitaa miwili kutoka kwetu, mtu mmoja alifungua chumba chenye mashine mpya, ile ya kutumia diski. Picha zake zilionekana kama watu wa kweli. Ndani ya wiki tatu tulibaki na watoto wadogo na mafundi wawili waliokuwa na mapenzi na Salumu. Nikamwambia tuuze mashine ya kaseti wakati bado ina bei, tuongezee akiba yetu, tununue ya diski. Alikuwa anafunga waya, hakuinua kichwa. "Hii ni ya mama," akasema. "Haiuzwi." Nikamwambia mama hachezi. "Najua hachezi. Lakini aliibeba na baiskeli." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote, na kwangu halikuwa jibu. Nilirudia siku ya pili na ya tatu. Siku ya tatu Bahati alikuwa pale anasubiri zamu yake, nikamgeukia: "We unasemaje?" Akafikiri kidogo. "Mi naona Salumu iko na haki. Kitu kama bado kinafanya kazi, unauza kwa nini? Bale batoto badogo batachezea wapi?" Mafundi wakacheka wakasema nimeshindwa tena. Ilikuwa mzaha. Lakini nilitoka pale masikio yakiwaka, na nadhani ni hapo, si siku nyingine, nilipoamua.

Niliiuza Ijumaa, saa ya swala. Mtaa ulikuwa mtupu, wanaume wote wako msikitini, Mama Salumu ameenda kumpa mkono wa pole jirani. Nilifungua kwa ufunguo wangu, nikaitia mashine kwenye gunia la mchele, nikatembea hadi karibu na soko kuu kwa fundi mmoja wa redio aliyekuwa akinunua vitu vya namna hiyo. Hakuuliza maswali. Njiani nikirudi nilikuwa na furaha, hili nalisema kama lilivyokuwa. Nilikuwa nimeshapanga maneno: nitaweka pesa mkekani mbele ya Salumu, atanuna siku mbili, kisha tutanunua mashine ya diski na yeye mwenyewe atanishukuru. Sikujiona mwizi. Nilijiona mtu pekee mwenye akili katika chumba kile.

Nilimkuta ameketi chini mbele ya televisheni, kiganja chake kimelala kwenye kile kipande cha mbao ambacho mashine ilikuwa imekikinga na vumbi. Hakuwa amekasirika. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto, na mama yake alikuwa amesimama juu yake, kanga ya msibani bado kichwani. "Nani iko na ufunguo?" akauliza. "Ni mi, na Yahya, na Bahati," Salumu akajibu. Mama akanitazama, bila ubaya wowote. "We mwanangu ulikuwa wapi?" Pesa zilikuwa mfukoni, nilizisikia kwenye paja. Nikasema, "Msikitini, mama." Na yeye akaitikia kwa kichwa, akaliweka jina langu pembeni, na lililobaki likabaki. Sikumtaja Bahati. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba mdomo wangu haukuwahi kutamka jina lake. Ni utetezi wa mtu anayeondoa ngazi halafu anasema hakumsukuma aliye juu.

Jioni ile ile Mama Furaha alimwita Bahati uani, mbele ya wapangaji wote, akamwuliza. "Mi sikuiba, tantine," Bahati akamjibu shangazi yake. Akaulizwa mashine iko wapi basi. "Sijui iko wapi. Lakini mi sikuiba." Hakulia na hakuapa, na watu walioona halii wakasema ndiyo dalili. Kesho yake mchana nilikuwa kwa kina Salumu, nimeketi mkekani na sahani yangu ya wali wa jana, na nyuma ya pazia Mama Furaha alikuwa amekuja kuomba radhi. Nilisikia kila neno. "Mama Salumu, nimeona haya sana. Batu ba kwetu banatukanwa kila siku hapa, banasema sisi wakimbizi tuko wezi, sasa mutoto wangu mwenyewe anabapa mdomo wa kutusema." Mama Salumu akamwambia, "Dada, ni mashine tu. Muache mutoto amalize shule." "Apana. Nikimuacha, mi nitapita wapi na vitenge vyangu? Lundi anarudi Uvira." Mama Salumu akamkumbusha kwamba kule kunapigwa risasi. "Mungu atamulinda," Mama Furaha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini. Kati yangu na wao palikuwa na kitambaa, si zaidi. Ningeinua mkono tu ningekigusa. Niliendelea kula. Wali ulikuwa na nazi, na niliumaliza, na hata nilikwangua sahani.

Jumatatu asubuhi, ile lundi ya Mama Furaha, Bahati alipanda gari dogo la mizigo linaloelekea Gatumba, mpakani. Alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki. Madaftari hakuyachukua. Salumu alimsindikiza hadi barabarani. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Mashine ya diski hatukuinunua, maana ningesema pesa nimezipata wapi? Nilizificha ndani ya godoro, kisha zikaisha kidogo kidogo, na nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilinunua nini: sikumbuki hata kitu kimoja. Chumba kikafungwa kabla ya Ramadhani. Salumu akaenda kujifunza ufundi karibu na soko, na baadaye akawa fundi anayejulikana. Urafiki wetu haukukatika. Alikuwa shahidi wa ndoa yangu, mwanangu wa pili ana jina lake, na nilipojenga alikuja mwenyewe kuweka nyaya za nyumba nzima, hakukubali hata nimlipie mtu wa kumshikia ngazi. Nilikuwa nimejifunza kuishi karibu naye kama mtu anayeishi na jino bovu, akitafuna upande mmoja.

Basi pale Mutanga Nord, niliposema siijui ile mashine, Hadija hakubisha. Alinimiminia chai, akaketi, akasubiri nimalize kikombe. Kisha akasema, "Shemeji, Salumu alijua." Nikaweka kikombe chini. "Yule fundi wa sokoni ndiye alimufundisha kazi. Aliiona mashine kule mwaka wa kwanza, akauliza nani aliileta, akaambiwa. Aliinunua na mushahara wake wa kwanza. Mi nilimuuliza mara nyingi, kwa nini haumwambii Yahya kama unajua? Alisema, nikimwambia atakubali kwa sababu nimemukamata. Muache aseme mwenyewe." Aliangalia mikono yake. "Alikungoja mpaka hospitali."

Nilijua anasema siku gani. Wiki moja kabla hajafa nilienda kumtazama, na Salumu, ambaye hakuwa tena na nguvu ya kukaa, aliwaomba mkewe na Idi watupishe kidogo. Tukabaki wawili. Alinitazama muda mrefu, macho yake makubwa katika uso uliokwisha, na hakusema kitu. Alikuwa amenifungulia mlango na kukaa pembeni ili nipite. Na mimi, kwa sababu kimya kile kilinitisha, nikaanza kumsimulia mechi ya Jumapili. Nilimsimulia goli la kwanza na la pili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho, akasema, "Sawa, Yahya. Asante kwa kunitembelea."

Nilimwambia Hadija yote siku ile, tangu gunia la mchele, na ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani kwa sababu nilikuwa nasimama kila mahali. Hakunifariji. Alisema zile nyingine Idi na Shamila watagawana, nusu ziuzwe, nusu zibaki, lakini hii ya chini hana ruhusa ya kuiamulia. "Uchukue. Umupelekee mwenyewe. Bahati iko Kajaga, Salumu alikuwa anaenda kula kwake." Hata hilo sikulijua.

Bahati ana mgahawa mdogo Kajaga, meza nne chini ya bati, karibu na ziwa. Nilimtambua kwa vidole. Alikuwa anageuza samaki, mukeke wa ziwani, kwenye kikaango, bila haraka. Nilimwambia jina langu, akasema, "Nimekujua tangu umetoka ku pikipiki." Aliniweka mezani, akamaliza kuhudumia wateja wawili, ndipo akaja. Nilifungua gunia, nikaanza maneno niliyoyapanga, na akanikatiza kabla sijafika popote. "Mi nilijua ni we. Funguo zilikuwa tatu. Mi sikuchukua. Salumu hawezi kujiibia mwenyewe." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nilisema. Nilisema sikuiba. Mulitaka niseme nini ingine?" Kisha akanieleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma orodha ya wengine: Uvira hakurudi shule, aliolewa akiwa na miaka kumi na nane ili asilale peke yake wakati wa risasi, alivuka mpaka kurudi Bujumbura na watoto wawili na bila mume. Hakuna mahali aliposema ni kosa langu. Ningependa angesema.

Nikasogeza mashine mbele yake. Aligusa kona iliyoyeyuka, akatoa mkono. "Uiuze pamoja na zile za Idi, Hadija aliniambia," akasema. "Mi nitaiweka wapi, hapa na moshi? Wajukuu wangu banachezea ku telefone. Iuzwe, pesa Hadija alishe batoto." Nikamwomba msamaha. Akafukuza nzi mezani. "Yahya, mi najua sikuiba. Kunieleza mi hakuna kazi. Tantine bado iko muzima, iko Gasenyi. Mpaka leo nikienda kumusalimia, anachukua sakoshi yake ya pesa anaweka chini ya mapaja. Hata haoni kama anafanya hivyo. Enda umwambie yeye." Akasimama, mteja alikuwa anaita.

Nilienda Gasenyi Jumamosi. Mama Furaha ni mzee sasa, miguu yake imevimba, anakaa kwa mwanawe katika nyumba yenye veranda ya saruji. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilijitambulisha, nikakataa soda, nikaomba tuzungumze ndani tukiwa wawili. "Sema hapa hapa," akasema. Nikasema. Safari hii sikusimama njiani. Nilipomaliza aliendelea kuchambua, nikadhani hakusikia. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akageuza kichwa kuelekea jikoni akawaita mkwe wake na binti mmoja mkubwa, wakaja wakipangusa mikono. "Huyu baba iko na neno juu ya Bahati. Musikie." Kisha kwangu: "Rudia." Mara ya tatu nilisema: ni mimi niliyeiuza ile mashine, Bahati hakuiba kitu, na nilijua siku zote. Yule binti alitia mkono mdomoni. Mkwe alinitazama viatu.

Mama Furaha aliweka ungo chini. Vidole vyake vizee vilishikana.

"Jioni ile, kabla sijamurudisha, nilimupiga," akasema. "Na mukanda wa marehemu mume wangu. Mpaka mukono ukachoka. Alikuwa anasema jambo moja tu, tantine mi sikuiba, tantine mi sikuiba. We ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwa kina Salumu, nimeegemea ukuta ule mmoja wa nyumba zote mbili. Hata katika kurasa hizi nilikuwa nimelipita jambo hilo. Ningeweza kumwambia nilikuwa msikitini.

"Upande wa pili wa ukuta, mama," nikasema. "Nilisikia."